Mshono Usiokuwa wa Mama

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza ubishi wake, pasi ya mkaa ilikuwa imeshashika moto. Kuiwasha ilikuwa kazi ya Sindano. Aliipepea kwa kipande cha boksi mpaka makaa yakawa mekundu, kisha akaipeleka chumba cha mbele, ambako mama yake alikuwa ameshaketi kwenye cherehani, miguu ikikanyaga, midomo ikimalizia sala. Mama alikuwa mtu wa Mungu, lakini hakupenda kumkawiza Mungu wala wateja, hivyo alisali huku kitambaa kikienda.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili tu. Cha mbele kilikuwa duka la ushonaji, cha nyuma kilikuwa makazi. Tangu baba, aliyekuwa seremala, afariki miaka miwili iliyopita, cherehani ile ndiyo iliyowalisha.

Sindano halikuwa jina lake la kwenye daftari la mahudhurio. Wenzake walimpa kwa sababu mama yake alikuwa fundi, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu, na kwenye mbio alipenya katikati ya wenzake kama sindano kwenye kitambaa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika mbio za mizunguko miwili hakuna msichana shuleni aliyewahi kumwona uso. Wote walimjua kisogo.

Mama alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja hata siku ya haraka. Nguo yoyote, kabla ya kutoka mlangoni pake, aliigeuza ndani nje na kuupitia kila mshono kwa kidole, polepole, kama mtu anayesoma barua.

"Nje ya nguo ni ya watu," alizoea kusema. "Ndani ya nguo ni ya fundi. Ukitaka kumjua fundi, usitazame maua ya kitambaa. Geuza."

Sindano alikuwa amelisikia hilo mara nyingi hata masikio hayakulishika tena.

Mambo yalianza kuharibika wiki tatu nyuma, siku mwalimu mkuu alipomchagua kusoma matangazo ya asubuhi mstarini. Lilikuwa jambo la heshima. Sindano alisoma vizuri darasani, na sauti yake ilikuwa safi. Lakini alipopanda ngazi tatu za baraza na kugeuka, macho ya wanafunzi mia nne yakamtazama yeye peke yake.

Moyo ukaanza. Haukupiga kama unavyopiga siku zote, bali ulidunda kama cherehani inapokanyagwa na mtu mwenye hasira. Mikono ikalowa jasho, mdomo ukakauka kama karatasi ya msasa, tumbo likajikunja. Akasoma mstari wa kwanza, akaruka wa pili, wa tatu akaumeza. Wanafunzi wakacheka kidogo. Alishuka haraka.

"Umesoma kama redio iliyoishiwa betri," rafiki yake alimwambia. Rafiki huyo naye walimwita Redio, kwa kuwa alizungumza tangu geti la shule mpaka nyumbani bila kupumzika. "Lakini usijali, dada. Kesho utazoea."

Kesho yake ilikuwa vilevile. Na kesho kutwa.

Sindano hakusumbuliwa na kicheko cha wenzake. Alisumbuliwa na jambo alilolisikia akiwa na miaka kumi, siku ya msiba wa baba, alipokuwa amekaa pembeni na wanawake wawili wakanong'ona karibu naye. Mmoja alisema, "Moyo ulimwenda mbio, shoga, ukaenda mbio, halafu ukasimama." Hakuna aliyemweleza zaidi. Mama alisema tu kwamba Mungu amempumzisha baba. Basi mtoto akayaweka maneno yale moyoni kama mtu anayeweka jiwe mfukoni, na sasa jiwe likawa zito.

"Nimerithi," alijiambia. "Moyo wa baba ninao mimi."

Tangu siku hiyo akawa mlinzi wa moyo wake. Akilala aliweka kiganja kifuani na kuhesabu mapigo. Akihesabu, aliogopa. Akiogopa, moyo uliongeza mwendo, naye akaamini kabisa kwamba mwisho wake umekaribia. Usingizi ulimkimbia. Chakula kilifika kooni kikarudi. Darasani, hesabu alizokuwa akizifanya kwa kuzichezea zikawa hazikai kichwani.

Mama hakuambiwa kitu. "Ameshamzika baba," Sindano aliwaza. "Nikimwambia hili, nitamuua kabla ya siku zangu mwenyewe."

Kisha akaogopa kukimbia. Mashindano ya shule yalikuwa yanakaribia, naye alikuwa amepangwa kwenye mizunguko miwili na kwenye mbio za kupokezana vijiti. Akamwendea mwalimu wa michezo akichechemea.

"Mwalimu, nimeteguka kifundo cha mguu."

"Pole sana, binti. Umeumia wapi?"

"Nilianguka nyumbani, nikichota maji."

Mwalimu alimtazama kidogo, akafuta jina lake kwenye orodha. Sindano aliondoka akichechemea, na uongo wake ukachechemea nyuma yake. Siku mbili baadaye Redio alimsimamisha njiani, mikono kiunoni.

"Shoga yangu, hebu nielimishe. Juzi ulikuwa unachechemea mguu wa kushoto. Leo ni wa kulia. Huo uteguko umehama nyumba?"

"Yote miwili inauma," Sindano alijibu, akaharakisha mwendo. Akaharakisha mno kwa mtu mwenye miguu miwili mibovu.

Jambo lililomtia hofu zaidi lilikuwa sketi. Sketi ya shule ilianza kulegea kiunoni, kisha kushuka. Akijua macho ya mama yake yalivyo, Sindano aliona kuwa sketi hiyo itamtoboa siri. Basi jioni moja, mama alipotoka kupeleka nguo za mteja, alichukua sindano na uzi wa buluu, akaibana sketi pande zote mbili kwa mkono. Alishona haraka, akaukata uzi kwa meno, akaijaribu. Ilimkaa vizuri. Akajisifu moyoni. Nani angejua?

Mtoto wa mwalimu huenda asingefanya kosa hilo, wala mtoto wa muuza duka. Wao wangefunga pini na mambo yakaisha. Lakini mtoto wa fundi alijiona fundi, akasahau anaishi na nani.

Jumamosi mama alikaa kupiga pasi sare ya shule. Kwa mazoea tu, aliigeuza sketi ndani nje na kupitisha kidole. Kidole kikasimama.

"Mwanangu, njoo."

Sindano alikuja akikausha vyombo. Aliiona sketi imelazwa kichwachini, tumbo nje.

"Nani kashona hapa?"

"Wewe, mama."

Mama hakupandisha sauti. Aliweka pasi kwenye kigae chake, akavuta kigoda.

"Mimi nafunga uzi mara tatu. Huyu kafunga mara moja. Mimi nakata kwa mkasi, huyu kakata kwa meno. Na mishono inakimbia, iangalie, mrefu, mfupi, mrefu, kama mtu anayeiba huku akitazama mlango. Mshono huu si wangu. Haya, simama sawa."

Alishika futi yake ya kitambaa, ile aliyoivaa shingoni mchana kutwa, akamzungushia Sindano kiunoni. Halafu akafungua daftari la vipimo.

"Nilipokushonea sketi hii ulikuwa inchi ishirini na tano. Leo ishirini na tatu. Mtoto anayekua haendi kinyumenyume. Nimekuona usiku unageukageuka, nikasema labda ni joto. Nimeona sahani yako, nikasema labda amekula kwa kina Redio. Nimejidanganya vya kutosha. Sasa sema."

"Sina kitu, mama."

"Mwanangu." Mama alimshika mikono yote miwili. "Mimi nimeshazika mume. Sina ukweli ninaouogopa tena. Ninachoogopa ni kufichwa."

Hapo kamba ikakatika. Sindano alilia mpaka kwikwi zikamshika, na katikati ya kwikwi akayatoa yote: mstarini, moyo kwenda mbio, maneno ya msibani, kifundo cha mguu kisichoteguka. Mama alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, alimfuta machozi kwa kipande cha kitambaa kilichobaki mezani.

"Jumatatu huendi shule," alisema. "Tunakwenda zahanati. Kama moyo ni mbovu, tutajua. Kama ni mzima, tutajua. Mungu hakutupa masikio ya kusikilizia uvumi tu."

Jumatatu zahanati ilikuwa imejaa. Watu walikaa kwenye mabenchi kando ya ukuta mweupe: mama mwenye mtoto anayekohoa, vijana wawili, na mzee mmoja aliyefungwa bandeji kwenye kidole gumba cha mguu. Nesi aliyewapokea alikuwa mnene, mcheshi, mwenye saa kubwa iliyobandikwa kifuani. Alimsikiliza Sindano kwa makini, akamuuliza kama amewahi kuzimia au kuumwa kifua. Hapana, hata mara moja. Akampima presha, akamhesabia mapigo. Tisini na mawili.

Daktari naye akamsikiliza kifuani na mgongoni, kisha wakamlaza na kumbandika nyaya ndogo. Mashine ikatoa karatasi yenye mistari ya milima na mabonde. Mama alikuwa amesimama kando, midomo ikitembea kimyakimya.

Daktari aliitazama karatasi, akaitazama tena. "Moyo huu ni mzima kabisa," alisema. "Ningetamani wangu uwe hivi."

"Alhamdu..." Mama hakumaliza. Alikaa chini ghafla kama mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani.

Lakini Sindano hakuridhika. "Sasa mbona unakwenda mbio?"

Nesi akacheka. "Swali zuri. Nimeona wengi wanaoficha maradhi waliyonayo. Wewe ni wa kwanza kuficha maradhi ambayo huna. Njoo nikuonyeshe. Kimbia, zunguka jengo hili mara tatu."

Sindano alimtazama mama. Mama akaitikia kwa kichwa. Akakimbia, mara ya kwanza kwa woga, ya pili kwa kasi, ya tatu kwa raha. Nesi akamshika kifundo cha mkono.

"Mia moja arobaini na nane. Unaogopa?"

"Hapana. Nimekimbia."

"Haya, pumzika."

Alipotulia kabisa, nesi alimpandisha juu ya benchi mbele ya wagonjwa wote, akamwelekeza kwenye karatasi ya ukutani iliyoeleza namna ya kunawa mikono. "Wasomee hawa kwa sauti."

Macho yote yakageuka. Mdomo ukakauka. Mikono ikalowa.

"Soma, mjukuu wangu," mzee wa bandeji alisema. "Sisi hatuendi popote mpaka tuitwe, na kuitwa kwenyewe ni kwa majaliwa."

Watu wakacheka. Nesi alikuwa ameshashika mkono wake. "Mia moja ishirini na sita. Umekimbia?"

"Hapana."

"Umesimama tu kama mlingoti. Basi nani kauchapa moyo kiboko?"

Nesi akamshusha, akamkalisha kati yake na mama.

"Sikiliza. Juu ya kila figo, Mungu ameweka tezi ndogo, imekaa kama kofia. Ubongo ukiona hatari hauulizi maswali mengi. Unatuma habari kwenye tezi hizo, nazo zinamwaga kwenye damu homoni inayoitwa adrenalini. Homoni ni mjumbe. Anasafiri na damu, anagonga kila mlango aliotumwa. Moyo anauambia, piga haraka. Mapafu, vuteni hewa. Tumbo analiambia, weka kazi chini kwanza, chakula kitasubiri. Ndiyo maana mdomo unakauka na tumbo linajikunja. Mwili unajiandaa kukimbia au kupambana."

"Lakini mimi nilikuwa nasoma tu. Sikufukuzwa na mbwa."

"Tezi hazina macho, binti yangu. Ukikimbia, zinafanya kazi. Ukiumia, ukipata homa, ukikaa na njaa, zinafanya kazi. Ukiogopa, ukiaibika, ukigombana na rafiki, zinafanya kazi ileile. Kwao mbwa mkali na wanafunzi mia nne ni ndugu."

Mama akauliza, "Na kukonda, nesi? Na kukosa usingizi?"

"Hapo anaingia mjumbe wa pili, anaitwa kortisoli. Adrenalini anakuja mbio na kuondoka mbio. Kortisoli anakuja taratibu na anakaa. Siku ya shida ni mtu mwema, anatoa sukari kwenye akiba ya mwili ili tupate nguvu. Lakini hofu ikiwa ya kila siku, mgeni huyu haagi. Usingizi unapungua, kichwa kinasahau, hamu ya chakula inavurugika. Wengine hula kupita kiasi, wengine kama huyu hawali. Hata mafua yanawapata kirahisi."

"Kama cherehani inayokanyagwa usiku na mchana bila kutiwa mafuta," mama alisema.

"Hapo hapo, mama. Na huyu aliusikia moyo, akauogopa. Alipouogopa, tezi zikamwaga tena, moyo ukaongeza. Akawa anakimbizana na kivuli chake." Nesi alimgeukia Sindano. "Moyo ukianza, vuta pumzi polepole, kisha itoe polepole zaidi. Kula kabla ya kwenda shule. Lala mapema. Cheza, kimbia, maana mazoezi yanaufundisha mwili kupanda na kushuka. Na ukiwa na jambo, sema. Ukisikia maumivu ya kifua au ukizimia, njoo upesi. Lakini usijitibu kwa kunyamaza."

Walipotoka nje, mama hakuondoka mara moja. Alisimama chini ya kivuli cha paa.

"Nami nina la kusema," alianza. "Baba yako alikuwa na presha miaka mingi. Alipewa vidonge vya kumeza kila siku. Akijisikia nafuu, anaviacha. Nikimuuliza, ananiambia amemeza. Siku tulipojua, tulikuwa tumechelewa. Nilikuficha kwa sababu sikutaka umkumbuke kwa kosa lake."

Sindano alifikiri. "Namkumbuka kwa kunibeba mabegani nikachungulia madirisha ya watu."

Mama alicheka na kulia kwa pamoja, mambo mawili ambayo hakuwa ameyafanya siku moja kwa muda mrefu. Mchana huo Sindano alimaliza sahani yake, akaomba nyongeza.

Kesho yake alipanda ngazi za baraza. Macho ya wanafunzi mia nne yakamtazama, na moyo ukaanza palepale, dundu, dundu. Lakini safari hii Sindano alimjua mgeni. "Karibu, adrenalini," alisema kimoyomoyo. "Ila usikae sana." Akavuta pumzi, akaitoa polepole, akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alitetemeka kidogo kwenye wa nne, akaendelea. Alipomaliza, hakuna aliyecheka.

"Betri mpya hizo!" Redio alinong'ona.

Baada ya hapo alikwenda ofisi ya michezo. Hakuchechemea.

"Mwalimu, nilikudanganya. Sikuteguka. Niliogopa kwamba moyo wangu ni mbovu, nikaona aibu kusema. Naomba unisamehe."

Mwalimu aliweka filimbi mezani. "Nilijua, maana mtu aliyeteguka hapandi ngazi mbili mbili. Nilikuwa nangoja uje mwenyewe. Nimekusamehe. Lakini kijiti nimempa Redio, na sitamnyang'anya kwa sababu ya uongo wako. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

"Mizunguko miwili bado ina nafasi moja. Mazoezi saa kumi. Ukichelewa dakika, utakimbia mitatu."

Siku ya mashindano mama alifunga duka, jambo la nadra, akaja na futi yake shingoni kwa kusahau kuivua. Sindano hakuwa wa kwanza. Wiki tatu bila chakula wala mazoezi hazirudi kwa siku kumi. Msichana wa darasa la saba alimtangulia kwa hatua nne. Lakini alimaliza wa pili, akajitupa kwenye nyasi akicheka, kiganja kifuani, moyo ukigonga kwa nguvu zake zote.

Mama alikuja akaketi kando yake, akaweka mkono juu ya mkono ule. Wakausikiliza pamoja mpaka ulipoanza kupunguza mwendo.

"Unasikia?" mama alisema. "Unajua kupanda, na unajua kushuka. Ndivyo Mungu alivyouumba. Hofu si dhambi, mwanangu, ni mlinzi aliyewekwa ndani yetu. Lakini hofu inayofichwa inakula chakula cha mwenyewe. Yenyewe inanenepa, wewe unakonda. Na uongo unaousema ili kuificha, huo nao unataka kulishwa. Baba yako alificha, mimi nikaficha, wewe ukaficha. Watatu tunatosha. Kuanzia leo, katika nyumba yetu, anayeogopa na aseme."

"Hata wewe, mama?"

"Hata mimi. Ulipokuwa kwenye kona ya mwisho, nusura moyo wangu uruke ukuta."

"Ni adrenalini hiyo, mama. Vuta pumzi polepole."

Na mama, mbele ya shule nzima, akavuta pumzi, akaitoa polepole zaidi.